Mzigo wa Masika, Bwera

Juzi dada yangu Masika alinitumia kiboksi kutoka Bwera, kwetu, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilifika kwangu Kasese mkononi mwa jirani yake aliyekuwa anakuja hospitali, kimefungwa kwa kamba ya mgomba mara nne kana kwamba kilikuwa na nia ya kutoroka. Ndani mlikuwa na kifaa chake cha sikio, kimezimika. Hakuandika barua. Kwenye simu alinitumia ujumbe wa maneno mawili tu: "Imekataa kabisa." Dada yangu hana maneno mengi. Yote ya nyumba yetu nilipewa mimi.

Kabla ya kukitazama kifaa, nilikinusa kiboksi. Kifaa ni cha tatu sasa, lakini kiboksi ni kile cha kwanza, cha tangu utoto wetu, na kwenye pembe moja ya sponji bado kuna doa la rangi ya machungwa lenye harufu ya mawese. Mume wangu alinusa akasema hasikii kitu. Nikamwambia pua yake haikukulia mpakani.

Ninyi wa rika langu mnajua tulivyogeuka. Siku hizi tunanunua kwa kidole gumba, tumelala kitandani. Mimi ni mgonjwa wa jambo hilo na sitafuti dawa. Niliagiza birika la umeme ambalo pichani lingetosha wageni wa arusi, likaja la kikombe kimoja. Niliagiza viatu, vikaja viwili vya mguu wa kushoto. Nikavirudisha, wakaniletea viwili vya kulia. Hayo yote nacheka yanapita. Kinachonisimamisha kila mara ni pale simu inapouliza jina la mpokeaji. Hapo naandika kama mtu anayeandikisha shamba: jina langu, jina la baba yangu, kanisa lililo karibu, rangi ya lango, na kwamba lango hulia likifunguliwa. Muuzaji mmoja alinijibu, "Madam, tunaleta pasi tu, hatuji kuoa."

Sababu ni majina yetu. Sisi Wakonzo jina la kwanza la mtoto hatulichagui, tunalihesabu. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na wavulana nao wana mpangilio wao. Jina hilo linakuambia mtu amezaliwa wa ngapi, halikuambii ni nani. Mimi ni Biira. Simama kwenye stendi ya Bwera uite Biira, utaona ni wangapi watageuka.

Baba yetu alikuwa askari, na miaka hiyo alikuwa amepelekwa mbali, kwa hiyo nilimjua zaidi kwa buti zake zilizobaki chini ya kitanda. Tulikuwa tumeishi kambini kabla ya kurudi Bwera, na Mama alitoka huko na Kiswahili cha amri. Akitaka maji alisema, "Biira, maji, haraka." Akitaka kujua kilichotokea alisema, "Toa ripoti." Hata kubembeleza alibembeleza kwa amri: "Lala. Wacha kulia. Mimi niko hapa." Nilidhani mama wote duniani wako hivyo.

Masika alikuwa darasa la sita alipopata homa iliyomlaza wiki nyingi. Alipona, lakini masikio hayakupona naye. Ukisema kwa nguvu mbele ya uso wake alielewa. Ukiwa nyuma yake, unaongea na ukuta. Mwalimu alimwambia Mama, kwa upole, kwamba mtoto asiyesikia anachoka bure darasani, na kwamba kama hali itabaki hivyo muhula ukifunguliwa, afadhali akae nyumbani. Mama hakuwa mtu wa kumkalisha mtoto. Akaamua kwamba ikifika hapo, Masika atapanda Kyarumba kwa Bibi, akachume kahawa na kushusha maharage kwa kichwa kwenye zile njia za mlimani. Masika, ambaye darasani alikuwa hashuki nafasi ya pili, hakulia. Alianza kunifundisha hesabu za darasa la sita, mimi wa darasa la pili, ili zisipotee, alisema.

Na mimi nilifanya nini? Mimi nilipata mchezo. Nyuma ya mgongo wa dada yangu niliweza kusema lolote. Tukienda kuchota maji nilitembea hatua mbili nyuma yake nikimwaga siri zangu: kwamba sukari iliyokwisha ni mimi, kwamba kalamu yake ya wino niliidondosha chooni, kwamba anatembea kama bata. Hakugeuka. Ilinipa raha ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Halafu kuna mchana mmoja wa mvua, yeye akiwa bado kitandani, ameelekea ukutani, na sisi tumeshajua kwamba masikio yameziba. Niliuambia mgongo wake: "Ungekufa na hii homa, kitanda kingekuwa changu peke yangu." Nilikuwa na miaka minane. Sijui kama nilimaanisha. Najua nilisema.

Habari za kifaa zililetwa na mama yetu mdogo, Kabugho, aliyefanya kazi saluni hapa Kasese na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumiliki simu ya kugusa. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akaketi katikati yetu, akatuonyesha picha ya kitu kidogo kama punje ya maharage. Ukikitia sikioni, alisema, kinakuza sauti.

"Inauzwa wapi?" Mama aliuliza.

"Hapa ndani," Kabugho akagonga kioo. "Nabonyeza, inakuja na basi mpaka Bwera."

"Nani anauza?"

"Dada, mimi sijui yeye."

"Anakaa wapi?"

"Sijui."

Mama alimtazama kama askari anavyomtazama mtu asiye na kitambulisho. Lakini muhula ulikuwa unakaribia, na wiki hiyo mbuzi wetu wawili waliuzwa.

Kabugho akaanza kujaza fomu kwenye simu, sisi wote tukimhemea shingoni. Jina la kwanza: Masika. Jina la pili likamsumbua, maana jina la ubatizo la dada yangu nyumbani halikutumika na hakuna aliyekuwa na uhakika linavyoandikwa. Simu ilikataa kuendelea pasipo kitu pale. Akaandika Bwera. Masika Bwera. Tuliona imependeza, hata Mama alitikisa kichwa kukubali. Mkonzo wa nyumba nyingine labda angeshtuka, lakini nyumbani kwetu Masika alikuwa mmoja tu.

Kisha, kutuchekesha, Kabugho alizirekodi sauti zetu na kutuchezea. Nikajisikia nikisema "Mimi siongei kitu," sauti nyembamba, ikitoka ndani ya simu wakati mdomo wangu umefungwa. Niliogopa sana. Kumbe maneno hayafi; yanakaa mahali. Na hapo hapo Kabugho akamshika Masika mashavu, akamwambia kwa sauti kubwa: "Ikija hii, vyote vilivyokupita vitakurudia." Wote walicheka kwa furaha. Mimi nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko. Nilielewa jambo moja wazi kabisa: maneno yangu yote yalikuwa ndani ya sikio la Masika, yamepangwa, yanangoja kifaa. Ya sukari, ya kalamu, ya bata. Na lile la kitanda.

Tangu siku hiyo niliomba basi lipinduke. Halafu nikaona hapana, watu wataumia, nikaomba lisipinduke ila lipotee njia.

Siku ambayo mzigo ulitarajiwa, Mama alinituma ofisi ya mabasi na karatasi aliyoandika Kabugho. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza, na karani mnene aliyewajua watu wote, au alidhani anawajua. Mbele yangu alisimama mwanamke mmoja wa makamo, na beseni la chupa za mawese kiunoni. Kitenge chake kilikuwa na picha za feni, feni za mezani, nyekundu na bluu, toka kifuani hadi miguuni. Karani akainua kiboksi akasoma.

"Masika Bwera. Nani Masika hapa?"

"Mi njo Masika," mwanamke akasema. "Mutoto yangu ya Kampala njo ametuma."

Kwa Kiswahili hicho nilijua ni mtu wa ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, ambako ndugu zetu wana majina haya haya. Karani hakuuliza zaidi. Angeuliza nini, na jina ni lake? Mimi nilikuwa na karatasi mkononi. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mkono tu. Nikaikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, mpaka ikawa haikunjiki tena, na yule mama akapita karibu yangu, harufu ya mawese ikabaki puani mwangu. Nyumbani nikatoa ripoti: "Bado haijafika."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya siku moja. Kesho yake Mama alikwenda mwenyewe, akaambiwa, "Mama, hiyo mzigo ilienda. Masika mwenyewe alichukua." Masika gani? Karani akashika kichwa. Ndipo Mama alipoanza kuzunguka Bwera akitafuta Masika. Alikwenda kwa Masika wa mashine ya unga, akatumwa kwa Masika mke wa katekista, huyo akamtuma mpaka Kinyamaseke kwa Masika mwingine ambaye, kumbe, alikuwa amehamia Munkunyu. Kila mmoja aliapa kwa Mungu kwamba hakuona kitu, kisha akamuuliza Mama amekula nini tangu asubuhi na kumpa ndizi. Mama alirudi jioni vumbi limemfika magotini. Alikaa kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza sikusikia amri. Aliniambia tu, "Biira, nivue viatu." Nikamvua, nikavikung'uta vumbi.

Wiki moja ikapita. Kisha karani akaja kwetu mwenyewe, anatabasamu, na kifurushi kimeandikwa kwa kalamu: Masika, Bwera. Mama alikifungua mbele yetu. Ilikuwa simu ndogo ya tochi, mpya, na chaja yake.

"Basi chukua hiyo," karani alisema. "Yenu ilipotea, hii ilikuja. Ni sawa."

"Hapana sawa," Mama akasema. "Hii iko na mwenyewe. Mtu anangoja." Akairudisha kwenye karatasi yake, akaifunga vilevile, akaiweka juu ya kabati pale alipoweka Biblia. Karani akaondoka na tabasamu lake limekwisha.

Zilibaki siku tatu shule kufunguliwa. Masika alikuwa apande Kyarumba Jumamosi. Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta amekaa kwenye mkeka na sare yake ya shule, sindano mdomoni, anapunguza pindo. Niliposimama mbele yake aliinua ile sare akanipima nayo mabegani.

"Bado kubwa," alisema, "lakini utakua. Usiifulie na sabuni ya kipande, inatoa rangi." Akaendelea kushona.

Hapo ndipo nilipovunjika. Ile mishono midogo midogo, iliyonyooka, naiona hata leo. Nilikimbia hadi kwa Mama nikasimama wima, mikono mbavuni, alivyotufundisha.

"Toa ripoti," alisema pasipo kuinua macho.

Nikatoa. Feni, mawese, karatasi, vyote. Kuhusu maneno ya mgongoni nilinyamaza, nikasema tu niliogopa. Nilingoja kofi. Mama akavaa kitambaa kichwani, akatoa ile simu juu ya kabati.

"Leo ni soko," alisema. "Tembea."

Soko la Mpondwe siku ya soko ni bahari ya vitenge, na kila kitenge kilikuwa na kitu: samaki, miavuli, macho ya watu. Tulipita kwenye dagaa, tukapita kwenye maharage, Mama amenishika kiwiko kama mfungwa. Mawese yalikuwa mwisho kabisa, kuelekea mpaka. Nikaziona feni.

Yule mama alikuwa ameketi nyuma ya chupa zake, na sikioni mwake kilikuwapo kile kifaa. Kilikuwa kinapiga filimbi nyembamba ambayo hata sisi tuliisikia. Mama alimsalimu, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akauliza kwa adabu hicho cha sikioni ni nini.

"Ile iko telefone," alisema yule Masika kwa fahari kidogo. "Mutoto yangu alinitumia. Alisema, mama, nikipata kazi nakutumia telefone, utasikia sauti yangu. Njo hii." Kisha fahari ikamtoka. "Lakini sijue namna ya kuitumika. Kila asubui naweka ku sikio, nasema allo, allo. Kuku njo banajibu. Nasikia mvua ikiwa mbali. Nasikia mutoto ya jirani analia. Ya kwangu, hapana. Nikasema pengine amenisahau."

Mama alifungua kile kifurushi, akaiweka ile simu ya tochi juu ya kitenge cha feni, kwenye mapaja ya yule mama, na akamweleza taratibu, sentensi moja moja, wala haikuwepo amri hata moja ndani yake. Kwamba hiki cha sikioni ni cha mtoto asiyesikia. Kwamba hii ndiyo simu. Kwamba mtoto wake hakumsahau.

Yule Masika aliitazama simu, akaitazama tena. Akakitoa kifaa sikioni, akakifuta kwa pindo la kitenge, akakifuta tena, na kwa vidole vya mawese akakirudisha kwenye kiboksi chake ambacho alikuwa amekitunza kifuani.

"Na ule mutoto," aliuliza, "siku hizi zote alikuwa anasikia na nini?"

"Na macho," Mama alisema.

"Mungu wangu. Nilikula masikio ya mutoto." Akaanza kulia, Mama akalia naye, na mimi nikasimama pale katikati yao, mwenye kosa lote, nikapewa chupa ya mawese nibebe. Tulipoinuka Mama alimwambia "wasingya", shukrani yetu ya Kikonzo, akaambiwa neno lilelile, na sijui nani alikuwa anamshukuru nani zaidi.

Mchana huo Mama alimvisha Masika kile kifaa uani. Kililia filimbi, wakakizungusha, kikanyamaza. Masika alisimama, kichwa ameinamisha upande mmoja. Jogoo akawika, Masika akaruka. Mama akasema polepole, kwa sauti yake ya kawaida, "Masika. Jumatatu shule. Sare." Masika akafunika mdomo kwa mikono miwili.

Mimi sikungoja. Nilijua sasa maneno yanaanza kumrudia, moja baada ya lingine, na lile la kitanda liko njiani. Nilijificha nyuma ya jiko, kwenye majivu. Haikuchukua muda, nikaona miguu yake.

"Biira, mbona umejificha?"

"Umeshasikia?" nikauliza.

"Nini?"

"Yale ya nyuma. Ya sukari."

Akacheka. Hakuelewa, ikabidi nimweleze, na katika kueleza nikajikuta nimesema yote mwenyewe, sukari, kalamu, bata, nikilia, mpaka nikafika kwenye kitanda. Lile nililisema chini kabisa, nikitumaini kwamba kifaa kitashindwa. Masika alichuchumaa akanitazama.

"Hilo nilisikia siku ileile," alisema. "Sikio moja lilikuwa bado linashika kidogo. Na wewe hujui kunong'ona."

Nilitamani majivu yanimeze. "Mbona hukumwambia Mama?"

Alifikiri. Dada yangu huwa hafikirii haraka.

"Ulisema hivyo," akajibu, "halafu ukanivutia blanketi mpaka shingoni. Ukafunika na miguu, maana mvua ilikuwa inaingia. Hakuna aliyekutuma."

Blanketi sikulikumbuka. Nilikuwa nimelibeba lile neno miezi yote, nimeliombea basi la watu lipotee kwa ajili yake, na blanketi sikuwa nimelikumbuka hata siku moja. Yeye alikuwa amevisikia vyote viwili, akachagua cha kuweka.

Alirudi shule Jumatatu kwa sare yenye pindo fupi kuliko inavyotakiwa. Leo anafundisha watoto wadogo pale pale Bwera, na wanafunzi wake wanajua kwamba ukitaka kumnong'oneza mwenzako, nenda upande wa kushoto wa mwalimu. Mama amezeeka, bado anataka ripoti, na mimi bado nampa. Sijui nimshukuru nani kwanza nikikaa na kiboksi hiki mkononi: yeye aliyekataa simu ya mtu, yule mama wa feni aliyetunza hata sponji, au Kabugho aliyewaamini watu asiowajua.

Jana jioni niliagiza kifaa cha nne. Nikachagua rangi, nikalipa, nikafika kwenye jina la mpokeaji. Nikaandika Masika. Simu ikataka jina la pili. Nilianza kuweka jina la baba, na kanisa, na lango. Nikayafuta yote. Pale stendi ya Bwera wananijua vizuri kwa domo langu, na ukija mzigo karani wa sasa, ambaye ni mtoto wa yule mnene, huwa anauliza swali moja tu: Masika wa nani?

Nikaandika: wa Biira.